Kamba ya Mbele

Mume wangu hajawahi kucheza mpira hata wa makaratasi, lakini mtaani kwetu hakuna mchezaji anayemfikia kwa jina. Wanamwita Mzee Jezi. Miaka ishirini na sita anafua, anapiga pasi na kushona jezi za timu yetu. Mimi ni msusi, nasuka nywele hapa barazani, na wateja wakiniuliza mumeo anafanya kazi gani, nawaambia nina wake wenza ishirini na wawili, wote wana namba mgongoni. Wanacheka. Mimi siku hizi sicheki tena, na nitawaambia kwa nini.

Timu yenyewe haina kitu. Ina seti moja tu ya jezi za nyumbani, na kocha anataka mazoezi ya mwisho ya Alhamisi wachezaji wayafanye wakiwa wamezivaa, eti wazizoee. Kwa hiyo Ijumaa asubuhi zinaletwa kwangu zinanuka beberu, na Jumamosi zinatakiwa safi, zimenyooka. Ijumaa hiyo hiyo asubuhi kocha anamnong'oneza mume wangu majina ya kumi na mmoja watakaoanza, kwa mdomo, bila karatasi, kwa sababu hizo kumi na moja ndizo za kupigwa pasi kwanza na kupangwa juu kwenye begi. Basi naye ana utaratibu wake tangu nimjue. Za wanaoanza anazianika kamba ya mbele, kwenye jua, zikauke mapema. Za akiba anazitupa kamba ya nyuma, kwenye kivuli cha ukuta.

Na mdomo wake, mwenzangu, ni kufuli. Hata mimi niliyemzalia, nikimuuliza nani anacheza kesho, ananijibu, "Kesho si mbali." Hajawahi kumwaga mtama hata mara moja. Wenye timu walimwamini kwa ajili hiyo, naye alijivunia kuliko mshahara, maana mshahara wenyewe wa kujivunia haukuwepo.

Tuna mtoto mmoja tu, binti, keshia kwenye duka kubwa la mjini. Ana kichwa cha hesabu huyo, tangu mdogo. Aliolewa na kijana mmoja mpole, muuza vipuri vya pikipiki, ambaye miaka mitatu ya mwanzo tulimwona kwenye misiba na sikukuu tu. Halafu mwaka jana, bila kuitwa, mkwe akaanza kuja kila Ijumaa. Saa kumi juu ya alama, hodi, mkate mkononi. "Shikamoo mama. Baba yupo? Nimekuja tucheze drafti."

Jamani, mume wangu alivyofurahi! Mtu ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume, leo ana kijana wa kumwita baba na kukaa naye uani saa nzima. Ijumaa mchana alikuwa ananyoa ndevu. Kunyoa! Mimi hajaninyolea ndevu mtu yule tangu harusi. Nikamtania, "Bwana harusi, mchumba wako anakuja." Akanikemea, lakini akaenda kujitazama kwenye kioo tena.

Mkwe alijichagulia kiti mwenyewe, kile cha plastiki cha bluu, akakiweka karibu na tangi la maji. "Mimi nimekuja kukuona wewe tu, baba, na hapa napata upepo," alisema. Wakicheza mchezo wa kwanza, simu yake inaita, anatoka hadi getini kuongea na mke wake. Kila Ijumaa. Mimi moyo ulikuwa unaniyeyuka. Nikawa nawasema wateja wangu wanaolalamikia waume zao: tazameni mwanamume, yuko kwa wakwe dakika kumi tu, keshamkumbuka mkewe. Nilimpaka sifa hizo hadi baadhi yao wakaacha kunijibu.

Mpira wa kubeti uliingia uani kwangu kwa njia ya drafti hiyo hiyo. Siku moja uongozi uliwakusanya watumishi wote wa timu ukawaonya wasibeti. Mume wangu akarudi amekunja uso, kwa sababu hakujua hata alichokatazwa ni nini. Ijumaa akamuuliza mkwe.

"Kwanza wanaita masoko," mkwe akasema. "Soko la nani atashinda, soko la magoli mangapi, soko la timu zote kufunga."

"Soko gani hilo lisilo na nyanya?" nikapayuka kutoka barazani.

Akacheka, akachukua vizibo vya soda tunavyochezea drafti, vile vilivyokwisha kuliwa, akavipanga mafungu mawili. "Baba, chukulia tunarusha sarafu. Ukiweka mia na ukapatia, haki ni urudishiwe mia mbili. Hiyo ndiyo wanaita odi mbili. Lakini kampuni haikupi mbili. Inakupa moja nukta tisa upande huu, na moja nukta tisa upande ule. Hicho kidogo kinachopungua pande zote ndicho kinachowalipia taa na kodi."

"Kwa hiyo wao hawahitaji kujua nani atashinda?"

"Wanakisia, ndiyo, wanaanza na makisio yao. Baada ya hapo wanaangalia watu. Watu wakijazana upande mmoja," akasukuma vizibo vyote kwenye fungu moja, "kampuni inaogopa. Inashusha odi ya upande huo, inapandisha ya upande wa pili, ili watu wengine wavutike kule. Bei inapumua, baba. Mchezaji akiumia ikatangazwa, bei inahama."

Mume wangu akaguna, akavitazama vile vizibo. "Na ikihama kabla hakujatangazwa kitu?"

"Hapo," mkwe akasema, huku akila kete ya mume wangu, "ujue kuna mtu anajua."

Alimfundisha mwenyewe, kwa mdomo wake, akiwa ameshika kikombe changu. Kila nikikumbuka natamani ningekuwa nimekimwagia chumvi kile kikombe.

Haikupita miezi miwili, moto ukawaka kwenye timu. Mshambuliaji namba tisa aliumia goti Alhamisi jioni, wakajua kocha, daktari na mume wangu tu. Kikosi kinatangazwa Jumamosi mchana, lakini Ijumaa jioni odi za timu yetu zikapanda ghafla, maana yake watu walikuwa wanakimbilia kwa wapinzani. Wiki mbili baadaye ikatokea tena. Kisha tena. Viongozi wa ligi wakaandika barua: kuna mtu ndani anauza timu.

Viongozi wa timu wakamwangukia kipa. Kwa nini kipa? Kwa sababu kaka yake ndiye anayekaa dirishani kwenye kibanda cha kubeti cha barabara ya stendi. Basi. Hawakuwa na kingine. Wakampangia kikao Jumatatu ya wiki iliyofuata, na wakamwambia wazi, akionekana na hatia hatagusa mpira tena maisha yake yote.

Huyo kipa sisi tunamjua tangu ana miaka kumi na sita, alipokuja na glovu zilizotoboka vidole, na mume wangu akazishona kwa uzi wa viatu. Sasa ana ishirini na tisa, mke na watoto wawili, na hajui kazi nyingine chini ya jua. Alikuja kwangu Jumapili mchana, akakaa kwenye ngazi, akashindwa kunywa hata maji.

"Mama, mimi sijui kubeti," akasema. "Kaka yangu simpitii hata kumsalimia kazini, kwa kuogopa maneno kama haya. Sasa nitawaambia nini?"

"Waambie hivyo hivyo."

"Nimewaambia. Wananiangalia tu."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na pasi mkononi. Mimi namjua, nilimwona anavyotazama ile kamba ya mbele, haina kitu siku ile, inacheza na upepo. Akaitazama, akakitazama kiti cha bluu, akarudi ndani. Chakula cha mchana hakukigusa.

Siku nne hakuzungumza na mimi zaidi ya ndiyo na hapana. Nikamsema, nikamnunia, nikamgongea sufuria, wapi. Alhamisi jioni akanijia barazani nilipokuwa nafumua nywele za jirani, akangoja jirani aondoke, ndipo akakaa.

"Kesho saa kumi nataka ukae kwenye kibanda cha kubeti."

"Mimi? Una akili?"

"Kocha amenidokeza mapema, kipa anacheza Jumamosi, kwa kuwa hajahukumiwa. Namba moja anaanza. Lakini kesho nitaianika namba moja kamba ya nyuma, na mbele nitaweka ishirini na mbili, yule kipa wa akiba. Tunaojua ni mimi na wewe. Anayeingia uani kwetu Ijumaa ni mtu mmoja tu. Kaangalie bei. Naomba isihame."

Nikamwambia ameanza kuota mchana, mkwe wetu ni mtu wa watu. Nilimtetea kwa maneno makali kabisa. Kisha nikaenda jikoni nikakaa juu ya ndoo.

Ijumaa nikajifunga khanga yangu, nikaenda. Kibanda kimejaa wanaume wa kila umri, shingo juu, macho kwenye televisheni za ukutani, mikeka yao mikononi, maana ile karatasi ya mechi walizotabiri ndiyo wanaiita mkeka. Mmoja akanisogelea, "Bi mkubwa, saluni ni mlango wa pili." Nikamwambia saluni ni mimi, anipishe. Yule kaka wa kipa dirishani alinitambua, akanionyesha mstari wa timu yetu bila kuuliza. Timu yetu kushinda, moja nukta themanini. Wapinzani, nne nukta ishirini. Nikaandika kiganjani kwa kalamu.

Saa kumi ikafika. Kitu kimya. Saa kumi na dakika kumi, kimya. Nikaanza kupata raha, nikawa natunga matusi nitakayomtolea mume wangu nikirudi, na jinsi nitakavyomlazimisha amnunulie mkwe shati kwa kumshuku. Saa kumi na dakika ishirini na tano, namba zikapepesa. Mbili nukta sifuri tano. Wapinzani, tatu nukta arobaini. Watu wakaguna. Zikapepesa tena. Mbili nukta thelathini na tano. Wapinzani wakashuka hadi mbili nukta tisini, nikaziandika nazo kiganjani.

"Kipa haanzi!" mtu akapiga kelele nyuma yangu, simu mkononi. "Nimetumiwa sasa hivi! Ishirini na mbili ndiye anaanza!"

Ishirini na mbili. Namba iliyokuwa juu ya kamba yangu mwenyewe, niliyoikamua kwa mikono yangu mwenyewe, na dunia nzima hakuna aliyeambiwa isipokuwa kiti cha bluu. Mate niliyotaka kuyatema pale sikuyatema kwa heshima ya yule kaka wa kipa. Nikarudi nyumbani kwa miguu. Mkwe alikuwa keshaondoka. Nilimfungulia mume wangu kiganja, akasoma, akanikunja vidole taratibu, akaenda kuhamisha namba moja mbele.

Jumamosi kipa alicheza, akaokoa penalti, tukashinda moja bila. Uwanja mzima ulishangilia. Mimi na mume wangu tulikaa kama watu waliofiwa.

Nilijipa moyo kwa jambo moja. Nilisema, hewala, mkwe ni mtoto wa watu, aliingia kwetu na moyo wake anaujua mwenyewe. Masikini binti yangu, ameolewa na nyoka naye hajui. Jumapili asubuhi nilikuwa nachambua nyuzi za kusukia, napanga jinsi ya kumwambia bila kumvunja, mara binti huyo, getini. Hakuamkia. Macho mekundu.

"Mama, baba anazeeka? Aliwezaje kuanika ishirini na mbili mbele?"

Nyuzi zikaniponyoka.

"Nani kakwambia mbele ilikuwa ishirini na mbili?"

Akaziba mdomo, lakini lilikuwa limeshatoka. Nikamshika mkono, nikamkalisha kwenye ngazi ile ile aliyokaa kipa, na nikamwambia aseme kabla sijamtoa meno. Akasema. Mume wake alikuwa macho yake tu. Mwenye kazi alikuwa yeye. Yeye ndiye aliyewaza, maana yeye ndiye aliyekulia chini ya kamba ile na kuijua ina maana gani. Yeye ndiye aliyemwambia mumewe anunue mkate, ajifunze drafti, akae karibu na tangi. Simu ya getini ilikuwa ya kusomewa namba. Ana kundi la simu la watu mia nne wanaomlipa kila wiki ili awatajie kikosi kabla hakijatangazwa, na jana wote wameunguza pesa zao, wanamtafuta.

"Hatukumwibia baba chochote," akalia. "Tuliangalia tu, mama. Nguo zilizoanikwa nje, mtu yeyote anaangalia. Tulikuwa tunajenga."

Nilimpiga kofi. Nasema wazi, nilimpiga, mtu mzima wa miaka thelathini na moja, na mkono bado uliniwasha kutaka la pili. Mtoto niliyemnyonyesha! Miezi yote hiyo namsifia mumewe kwa watu, kumbe nachekwa na mwanangu mwenyewe kwenye simu, mita kumi kutoka ninapokaa!

Mume wangu akatoka ndani. Alikuwa amesikia kila kitu. Nilidhani atanguruma. Akamuuliza swali moja tu, kwa sauti ya chini.

"Ile drafti. Alikuwa ananiachia nishinde?"

Binti akatazama chini. Mume wangu akatikisa kichwa mara mbili, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu akaona hawezi kununua.

"Baba, kesho usiseme," binti akamshika miguu. "Kipa hawana ushahidi naye, watamwachia. Ukinitaja mimi kazini wananifukuza, na hao watu mia nne watajua ni nani. Mimi ni mwanao."

"Na wasipomwachia?"

Binti akazidi kuing'ang'ania miguu. Mume wangu akaitoa mikononi mwa binti, mmoja mmoja, kwa upole.

Jumatatu tulikwenda wote wawili. Viongozi watatu nyuma ya meza, kipa amekaa peke yake kwenye benchi, amevaa suruali ya harusi. Kabla hawajaanza, mume wangu alisimama. Hakuzunguka. Akaeleza kamba ya mbele na kamba ya nyuma, akaeleza ishirini na mbili, akanifanya nisome namba nilizokuwa nimeandika kiganjani na kuzinakili kwenye karatasi. Mwenyekiti akauliza ni nani huyo aliyekuwa anakaa uani.

"Mkwe wangu."

"Yeye peke yake?"

Nilijua mume wangu hawezi kumtaja binti. Alishaubeba mzigo hadi pale na pale ndipo ulipomshinda. Nikasimama mimi.

"Na binti yetu," nikasema. "Andika. Yeye ndiye mwenye kichwa, yule mwingine ni macho tu."

Kipa akaachiwa siku ile ile. Mume wangu naye akaachiwa, kwa maana nyingine. Walimshukuru kwa miaka ishirini na sita, wakamwambia jezi zitafuliwa na kampuni ya mjini. Mwenyekiti alikuwa na haya hadi akashindwa kumpa mkono vizuri. Binti alifukuzwa kazi. Simu yangu hapokei, na mimi nimeacha kupiga, ingawa namba yake naijua kwa kichwa na vidole vinaiandika vyenyewe.

Ijumaa iliyofuata kamba zilikuwa tupu. Saa kumi, hodi. Mume wangu alishtuka hadi kikombe kikamwagika. Alikuwa kipa, ameshika mkate.

"Shikamoo baba. Nimekuja tucheze drafti."

Mume wangu alimtazama kutoka juu hadi chini, kijana aliyemshonea glovu, kijana ambaye kwa ajili yake alimtoa mwanawe. Nilingoja amkumbatie. Alikwenda kwenye kile kiti cha bluu karibu na tangi, akakikalia yeye kwanza, akageuza shingo huku na huku, akitafuta ni kitu gani mtu anaweza kukiona kutoka pale.

Hapakuwa na kitu. Kamba mbili tupu na ukuta.

"Umekuja kufuata nini?" akamuuliza.

"Nimekuja kukuona wewe, baba."

"Hata yeye alisema hivyo," akajibu mume wangu, na hakuinuka kwenye kiti.